Naogopa kuwasha moto sebuleni, nianzie wapi?

SWALI: Tumehamia Njombe, kwenye nyumba ya zamani yenye sehemu ya kuotea moto sebuleni. Siku ya kwanza moshi ulijaa nyumba nzima, halafu kuni zikarusha cheche hadi kwenye mkeka. Tangu hapo nikishika kiberiti mkono unatetemeka, na baridi ya Juni ndiyo hii. Mume wangu anashauri nimwagie mafuta ya taa kidogo ili uwake upesi. Nifanyeje?

JIBU: Mafuta ya taa yaache kabisa, dada. Yakikutana na makaa yaliyojificha ndani ya majivu hugeuka mvuke, na mvuke huo ukishika moto unamlipukia aliyeinama mbele yake. Hofu yako ina vyanzo viwili, moshi na cheche, na kila kimoja kina dawa yake.

Tuanze na moshi. Dohani, yaani bomba la kutolea moshi, iliyokaa muda bila moto hujaa hewa baridi, ambayo ni nzito kuliko hewa ya joto, hivyo inaziba njia. Ukikoka moto chini yake, moshi hauna pa kwenda ila sebuleni kwako. Kwa hiyo jaribu kwanza bila kuni, tena mchana. Fungua kile kilango cha chuma kilicho kwenye koo la dohani (wengi husahau hapo tu), kisha chungulia kwa tochi na kioo kidogo. Ukiona kiota cha ndege, nyuki, au masizi mazito kufikia milimita 3, usiwashe chochote mpaka fundi aisafishe. Masizi hayo yana lami inayowaka, na ndiyo huleta moto wa ndani ya dohani wenye mngurumo. Ukiusikia siku yoyote, toeni watu wote nje na mpige 114, Zimamoto.

Dohani ikiwa safi, fungua dirisha la chumba hicho sentimita 2 au 3, maana moto unahitaji hewa ya kuingia. Sokota gazeti, liwashe, ulishike karibu na koo la dohani kwa dakika moja hivi. Mwanzoni moshi wake unaweza kusitasita. Hewa ya ndani ikishapata joto utauona unavutwa juu. Ukiendelea kurudi hata baada ya gazeti la pili na la tatu, tatizo ni la ujenzi. Kwa kawaida eneo la tundu la dohani huwa kama sehemu ya kumi ya eneo la mdomo wa meko: mdomo wa sentimita 75 kwa 60 unataka tundu la karibu sentimita 21 kwa 21. Kichwa cha dohani nacho kipite kwa sentimita 60 kila kilicho ndani ya mita 3, ikiwemo paa lenyewe.

Cheche na moshi mzito mara nyingi ni kosa la kuni mbichi: maji yaliyomo yanachemka na kuupasua ukuni. Kuni za miwati zilizopasuliwa na kupangwa penye upepo, juu zimefunikwa, zinahitaji miezi 6 hadi 12. Zilizokauka huwa nyepesi, zina nyufa kwenye ncha, na ukizigonganisha zinalia kwa sauti kali badala ya mdundo mzito. Paini ina utomvu unaorusha cheche, basi itumie kwa vijiti vya kuwashia tu. Na kwa kuwa uko Njombe, kunakotengenezwa nguzo za umeme: mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa yasiingie ndani hata kipande. Dawa hiyo mara nyingi ina arseniki, ambayo ni sumu, na haiishi kwa kuchomwa.

Sasa panga moto wa kuwaka kutoka juu kwenda chini. Chini laza kuni tatu zenye unene wa sentimita 8 hadi 10, ukiacha nafasi ya kidole kati yake. Juu yake weka vijiti 15 hivi vya unene wa kidole, tabaka moja likikatiza jingine, kisha vifundo vinne vya gazeti. Washa gazeti sehemu mbili, rudi nyuma. Moto huu hushuka polepole, hauporomoki, na hautakulazimisha kupeleka mkono karibu na miali. Ongeza ukuni mmoja mmoja. Weka wavu wa chuma mbele, mkeka na pazia vikae umbali wa mita 1, na kanga ifunge vizuri isining'inie.

Karibu yako iwepo ndoo ya mchanga. Maji yakimwagwa kwenye matofali yenye moto huyapasua, na mvuke unarusha majivu chumba kizima.

Usilale moto ukiwaka, wala usifunge kilango cha dohani kabla makaa hayajapoa kabisa. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja kwa watu wawili pamoja, tokeni nje mara moja, mwende hospitali. Asubuhi majivu yaingie kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, ikae nje mbali na ukuta wa mbao. Makaa huweza kubaki hai humo siku tatu.