Appiah ni wa wapi?

Umeuliza kama Kwame Anthony Appiah ahesabiwe kuwa mwanafalsafa wa Kiafrika au wa Kiingereza, na swali hilo yeye mwenyewe amelishughulikia kwa miaka mingi. Alizaliwa London mwaka 1954, akakulia Kumasi, Ghana. Baba yake, Joe Appiah, alikuwa mwanasheria na mwanasiasa wa Kiashanti. Mama yake, Peggy, alikuwa binti wa Stafford Cripps, aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa Uingereza. Waashanti huhesabu ukoo kwa upande wa mama, ilhali Waingereza hufuata jina la baba, hivyo kila upande ungeweza kusema kwamba mtoto huyu ni wa upande mwingine.

Wengi husahau kwamba alianza na mantiki na falsafa ya lugha, ambayo ndiyo iliyompa shahada ya uzamivu Cambridge mwaka 1982. Ukali huo wa hoja unaonekana katika kitabu chake cha 1992, In My Father's House, anapomchambua W. E. B. Du Bois, mwanazuoni Mmarekani mweusi, na kudai kwamba dhana yake ya rangi ilirudi kwenye biolojia ileile aliyokusudia kuikwepa. Kitabu kinaishia kwenye mvutano wa kifamilia juu ya mazishi ya baba yake, na kwa maoni yangu kurasa hizo zina uzito kuliko sura zote za nadharia.

Baadaye alifundisha Harvard, Princeton na, tangu 2014, Chuo Kikuu cha New York. Ukitaka pa kuanzia, sikiliza mihadhara yake ya mwaka 2016 katika Reith, mfululizo wa mihadhara ya redio ya BBC, inayohusu imani, nchi, rangi na utamaduni.