Betri ya Pili Italipwa na Nani?

Alhamisi iliyopita nilikuwa nimeshuka boti pale Mbita, kando ya Ziwa Victoria, mikono bado inanuka grisi ya betri, ujumbe ukaingia kwenye simu:

"Habari auntie. Mimi ni kijana kutoka Mfangano. Nilimaliza diploma ya umeme mwaka jana. Nasoma makala zako zote. Nimeweka akiba ya elfu themanini na nataka kuanza kuwafungia watu wa visiwani sola. Nianzie wapi?"

Nilimjibu kwa kifupi tu kwamba nitamwandikia. Sikutaka kumjibu mbio mbio siku hiyo, maana ilikuwa siku kubwa kwangu. Nilikuwa natoka kisiwani ambako kikundi cha akina mama wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, kilikuwa kimenunua betri nne mpya kwa pesa zao wenyewe. Haikuwa harambee, haikuwa msaada, na hakuna mheshimiwa aliyepigwa picha. Shilingi 148,000 zilitoka kwenye sanduku lenye kufuli tatu, zikahesabiwa juu ya leso mbele ya kila mwanachama, na wakati mweka hazina anasoma jumla sauti yake ilitetemeka. Yangu pia ingetetemeka kama ningeulizwa kusema neno. Nimengoja siku ile kwa miaka mingi, na ili ujue kwa nini, kijana wangu, lazima nikurudishe nyuma.

Mwaka 2012 nilikuwa fundi wa kuitwa, nafunga nyaya za nyumba Nyalenda na Manyatta, mitaa ya Kisumu, kwa malipo ya siku. Jioni moja nikasoma habari za Tokelau. Ni visiwa vitatu vya matumbawe katikati ya bahari ya Pasifiki: Atafu, Nukunonu na Fakaofo. Viko chini ya New Zealand, watu wake ni kama 1,500, uwanja wa ndege hakuna, kila kitu huja kwa meli kutoka Samoa. Dizeli ya kuendesha jenereta ilikuwa ikiletwa hivyo hivyo, pipa kwa pipa. Mwaka huo New Zealand ikawasaidia kwa fedha, wakafunga paneli 4,032, na visiwa vyote vitatu vikaanza kupata umeme wao karibu wote kutoka kwa jua.

Paneli 4,032! Niliandika nambari hiyo kwa kalamu nyekundu nyuma ya daftari langu la kazi. Nikajiambia, kama watu 1,500 walio mbali na dunia nzima wameweza, sisi wa ziwa hili tunangoja nini? Ukikaa Mbita usiku wa giza ukatazama majini, utadhani kuna mji mzima umejengwa juu ya ziwa. Ni taa za wavuvi wa omena. Omena hufuata mwanga, ndiyo maana huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, na miaka ile mwanga wenyewe ulikuwa karabai za kupiga pampu. Karabai moja hunywa zaidi ya lita moja ya mafuta ya taa kabla ya kucha. Mvuvi alikuwa akirudi ufuoni na sehemu nzuri ya samaki wake tayari imeshaungua ndani ya taa.

Stima ya nguzo haikuwa jibu letu. Mwaka 2015 mradi wa serikali wa kuwaunganishia watu stima, Last Mile, ulipoanza na ada ya kuunganishwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, jamaa zangu wa bara walifurahi na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini ukiwa kwenye kisiwa ambacho nguzo haijafika, hata ada ingekuwa bure ungeunganishwa na nini? Na ule mradi mkubwa wa serikali wa sola kwa maeneo yasiyofikiwa na gridi, KOSAP, ulichukua kaunti 14. Homa Bay, kaunti yetu, haimo. Sisemi haya kulalamika. Nasema ili wewe unayetaka kuwa na kampuni yako ya sola visiwani ujue uwanja ulivyo.

Basi mwaka huo huo wa 2015, shirika moja likaniita. Walitaka kituo cha kuchaji taa na simu kwenye kisiwa ambacho sitakitaja, kwa sababu watu wake bado ni ndugu zangu. Nilichora mfumo mimi mwenyewe: paneli 12 za wati 250, betri 16 za volti 12 na ampia-saa 200, taa 40 za kukodisha kwa wavuvi. Nilikuwa na umri wa miaka 29. Siku ya kufungua walichinja ng'ombe, wazee wakanibariki, wakaniita Nyar Chieng', binti wa jua. Sijawahi kupendwa vile maishani mwangu, na kupendwa kule ndiko kulikoniponza.

Kamati iliniuliza taa ikodishwe kwa bei gani. Wengine walisema shilingi 40 kwa usiku. Mimi nikasimama nikasema hapana, hawa ni watu wetu, tufanye 20. Makofi yalipigwa.

Sasa angalia hesabu ambayo sikuifanya siku ile. Taa 40 kwa shilingi 20 ni 800. Usiku wa mbalamwezi wavuvi hawaendi, kwa hiyo weka usiku 18 kwa mwezi: 14,400. Simu 30 kwa siku kwa shilingi 10, hiyo ni 9,000. Jumla 23,400. Mhudumu analipwa 9,000, mlinzi 6,000, hili na lile 2,000. Zinabaki 6,400. Betri moja ilikuwa shilingi 32,000, na 16 ni 512,000. Ukitaka zikae miaka minne na ziweze kubadilishwa, lazima uweke karibu 10,700 kila mwezi bila kugusa. Tulikuwa tumeshindwa siku ya kwanza, makofi bado yanalia. Kwa shilingi 40 hesabu ingejibu na kubaki, na bado mvuvi angelipa kidogo kuliko mafuta aliyokuwa akichoma usiku mmoja.

Hizo 6,400 zenyewe hazikukaa. Kulikuwa na matanga, kulikuwa na karo, mwanakamati anakopa leo na kuahidi kesho. Halafu yakaja mafriza mawili kuukuu ya samaki, na skrini ya kuonyesha mpira. Nilipigiwa simu nikaulizwa kama inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa wa kawaida wa nyumba, itabeba, nikajibu itabeba. Swali langu lilipaswa kuwa kama betri zitajaa. Paneli zile kwa siku nzuri zilirudisha uniti 11 hivi. Mzigo mpya ulikula 13, wakati mwingine 14. Betri ya risasi, yaani ya bamba za madini ya risasi na asidi, ambayo haijai siku baada ya siku hufanya chumvi nyeupe kwenye bamba zake, na chumvi ile ikikaa hugeuka mawe. Ukiendelea kuinyonya chini ya nusu kila usiku unaizika mapema.

Mwaka 2018 niliitwa. Nilifungua mlango wa mabati wa chumba cha betri, harufu ya yai bovu ikanipiga usoni. Betri ya tatu kutoka kushoto ilikuwa imevimba ubavu kama mbuzi aliyevamia mahindi mabichi. Vichwa vya betri vilifunikwa unga wa kijani na mweupe, na kati ya nyaya mbili mjusi mdogo alikuwa amekaukia pale, mguu mmoja juu. Nilibandika testa. Mfumo wa volti 48 ulisoma 41, na jua lilikuwa la utosi.

Akaunti ya kikundi ilikuwa na shilingi 11,400.

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe. Mwenyekiti, yule yule aliyenibariki, alisimama akasema fundi aliuziwa betri mbovu akajua, akala chenji. Watu wakaitikia. Nilikuwa nimebeba risiti zote kwenye bahasha na hakuna aliyetaka kuzitazama. Nilivuka ziwa jioni ile nikitazama maji tu, na kwa karibu miaka miwili sikukanyaga kisiwa chochote. Nikirudia jina Nyar Chieng' kichwani nilihisi kama nimetukanwa. Mpaka leo mwenyekiti yule hajaniomba radhi. Nimemsamehe, nadhani, ila nikisikia sauti yake kwenye mazishi bado tumbo linanikaza.

Nilirudi kwenye daftari langu la zamani, kwenye ile nambari ya kalamu nyekundu, nikasoma tena habari za Tokelau tangu mwanzo. Katika sentensi ile ile yenye paneli 4,032 kulikuwa na nambari nyingine ambayo macho yangu yaliiruka: betri 1,344. Kwa kila paneli tatu, betri moja. Mimi nilikariri paneli. Kila mtu hukariri paneli, kwa sababu paneli iko juu ya paa inang'aa na mgeni rasmi anaweza kupigwa picha nayo. Betri imefungiwa gizani, na betri ndiyo inayokufa kwanza. Paneli nzuri inaweza kukaa miaka 25. Betri ya risasi ikitunzwa ni mitatu, minne, mitano. Lithiamu hukaa zaidi, lakini nayo ina siku yake.

Ndiyo maana nakwambia, kijana: usimfungie mtu sola kama hujamuuliza betri ya pili italipwa na nani. Akisema "tutaona", funga sanduku lako la vifaa. Akisema "serikali", funga. Akisema "shirika limeahidi", funga haraka zaidi. Nimewapoteza wateja kwa swali hili na sijutii. Wale akina mama wa omena nilikutana nao 2021. Nikawaambia sigusi waya mpaka nione sanduku na watu watatu wenye funguo, kila mmoja wa ukoo wake. Walinuna. Mmoja aliniambia nina moyo wa jiwe. Baada ya wiki tatu wakanipigia, sanduku lipo, na ndani yake kulikuwa na shilingi 6,200 kabla hata ya paneli moja kupanda paani.

Umetaka ushauri wa ufundi pia, nitakupa niliouona kwa macho. Kinyozi mmoja wa Rusinga alinilalamikia kwamba mashine inang'oa nywele badala ya kukata, na wateja wanakimbia. Alikuwa tayari kununua betri mpya. Nilipima kwenye betri: 12.5. Nikatembea hadi kwenye kiti, mita 20, nikapima kwenye mashine: 10.1. Fundi aliyemfungia alitumia waya wa milimita mraba 1.5. Kwenye volti 240 waya huo ungetosha, lakini kwenye volti 12 ukivuta ampia 5 kwa umbali ule unapoteza karibu volti mbili na nusu njiani. Tulisogeza betri karibu na kiti na tukaweka waya wa milimita mraba 6. Siku hiyo hiyo alininyolea mtoto wangu bure. Betri yake ilikuwa nzima kabisa. Kwa hiyo pima kabla ya kuuza. Pima kwenye betri, pima kwenye mzigo, pima asubuhi kabla jua halijapanda, maana hapo ndipo betri husema ukweli.

Paneli za ufuoni huchafuliwa na minandi, wale ndege wa majini, na nzi wa ziwani. Hapa kwetu tuko karibu na ikweta, ungeweza kuilaza paneli karibu bapa, lakini ipe mwinamo wa nyuzi kumi au kumi na tano ili mvua iioshe. Betri za kuongeza maji ziongezwe maji ya betri, si ya ziwa. Nimekuta maji ya ziwa ndani ya betri, yana hadi majani.

Na leseni. Kanuni za sola zilitungwa mwaka 2012, na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, imekuwa ikitoa leseni za mafundi kwa daraja: T1 kwa mifumo midogo, T2 ya kati, T3 kwa mikubwa na ile inayounganishwa na gridi. Diploma yako peke yake haitoshi. Usifunge hata taa tatu bila leseni, kwa sababu siku mambo yakiharibika chini ya mwembe, kitu cha kwanza watakachouliza ni karatasi yako. Mimi nilikuwa na yangu, na ndiyo iliyonilinda nisipelekwe mbali zaidi ya mkutano ule.

Najua unawaza kwamba elfu themanini itanunua paneli mbili, betri moja na inveta, uanze kwa mjomba kisha neno lienee. Niliwaza hivyo hivyo. Lakini neno linaloenea ni lile la mwaka wa tatu. Siku unapowasha taa kila mtu anakusifu. Mwaka wa tatu ndipo utajua kama wewe ni fundi au mpita njia, na kisiwa ni kidogo, kila mtu atakukumbuka kwa jina.

Jumamosi hii narudi kule kwa akina mama kukagua zile betri nne na kufundisha wasichana wawili kusoma testa na kuandika daftari la kila asubuhi. Boti inaondoka Mbita saa mbili. Njoo na spana nambari 13, kitambaa kikavu na daftari jipya. Nauli ni yangu. Ile elfu themanini iache benki kwanza.