Romeo, Juliet na mshenga aliyekosekana

Wiki iliyopita tulizungumzia tamthilia ya Shakespeare kuhusu Romeo na Juliet, vijana wa Verona, Italia, waliopendana huku nyumba zao, Montague na Capulet, zikiwindana. Maswali yenu ni mengi. Nimeanza na haya.

Shikamoo mwalimu. Nyumba hizo ziligombania nini hasa? (Mwanafunzi, Tanga)

Marahaba. Hatuambiwi. Humo hakuna shamba wala mahari, ni chuki ya zamani tu. Tazama ugomvi wa mwanzo: mtumishi wa Capulet anawang'atia kidole gumba watu wa Montague, tusi la enzi hizo, kama kusonya kwetu. Akiulizwa, kwanza anamnong'oneza mwenzake: nikikiri, sheria itakuwa upande wetu? Akiambiwa hapana, anajibu kuwa kidole ameng'ata, ila si kwa ajili yao! Punde wazee wenyewe wanataka kuingia vitani, wake zao wakiwazuia.

Kwa nini Juliet hakumwambia hata mama yake kuhusu ndoa yake ya siri na Romeo? (Msomaji, Mombasa)

Angemwambia lini? Walikutana Jumapili usiku, wakafunga ndoa Jumatatu, na siku hiyohiyo Romeo akamwua Tybalt, binamu yake Juliet. Tangu hapo jina la mume halitamkiki nyumbani. Baba akapanga kumwoza Alhamisi kwa bwana mmoja mwenye cheo, Paris; binti alipokataa, akaambiwa atatupwa nje afe njaa barabarani. Akamlilia mama. Mama akasema hana neno naye.

Akabaki yaya, aliyemnyonyesha, aliyebeba ujumbe wa wapenzi na kuleta ngazi ya kamba. Yaya naye akamwambia: olewa na Paris, ni bora kuliko yule. Kwangu mimi msiba uko hapo, si kaburini wanakofia wote wawili. Msichana hajatimiza miaka 14, na mtu mzima pekee aliyebaki wa kumwendea ni padri aliyewafungisha ndoa, mwenye dawa ya usingizi ya kumfanya aonekane amekufa ili aikwepe ndoa ya Paris.

Watu hulaumu barua ya padri ya kumweleza Romeo, aliyekuwa uhamishoni, mpango huo, ambayo haikumfikia, kwa kuwa mtawa aliyeibeba alifungiwa ndani kwa hofu ya tauni. Haya, tauni ni bahati mbaya. Lakini siri inayojulikana na watu wawili watatu haina njia ya pili ikizibwa ya kwanza. Aliyempelekea Romeo habari za kifo ni mtumishi wake mwenyewe, ambaye hakujua kuwa Juliet amelala tu.

Ndoa ya siri namna ile ilikuwa halali? (Msomaji, Dodoma)

Kwa Kanisa la zama zile, ndiyo. Ridhaa ya wawili ilitosha. Ndoa za mafichoni zilisumbua mno, na mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukaamua kuwa ndoa bila paroko na mashahidi ni batili. Uingereza ilichelewa hadi 1753. Leo Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla. Kenya nayo, kwa sheria ya 2014, haiozeshi mtu chini ya miaka 18. Juliet asingefika mbali.

Ni kisa cha kweli? (Msomaji, Bujumbura)

Hakuna kumbukumbu ya wapenzi hao. Waitaliano walikisimulia kabla ya Shakespeare, na Arthur Brooke akakitungia shairi la Kiingereza mwaka 1562. Roshani wanayopigia picha watalii kule Verona iliongezwa karne ya 20.

Mwalimu, mwanangu wa miaka 26 anapendana na binti wa watu tunaogombana nao mpaka wa shamba. Nimeyasikia kwa majirani. Nifanyeje? (Mama, Moshi)

Mama, usimkabili mbele ya baba yake. Mwite faragha, mwambie unajua, kisha umsikilize. Akisema wana nia ya kuoana, tafuteni mshenga ambaye nyumba zote mbili humpisha kiti, na asiwe shahidi kwenye shauri la mpaka. Apeleke barua ya posa tu. Siku hiyo shamba lisitajwe kabisa. Shauri liendelee huko liliko.

Barua ikirudishwa, wape muda, mshenga arudi tena. Na kama binti naye ametimiza miaka 18 na mwishowe wanaamua kwenda bomani, usiwaache waende kama wezi. Mashahidi wanatakiwa wawili. Jitolee kuwa mmoja wao.