Mwambani maji yakipwa: kwa nini wengine wanaona majani tu

Muuliza swali alishuka ufukweni Jambiani, Unguja, maji yametoka, akakuta majani na mchanga wa tope. Anauliza wako wapi hao pweza na samaki wa rangi wanaosifiwa na kila anayerudi mwambani. Wapo palepale. Kinachokosewa mara nyingi ni tarehe, halafu mwendo.

Maji hupwa mara mbili kwa siku, ila si kila kupwa kunafunua mwamba. Fuata mwezi wa Kiislamu: tarehe 1 hadi 3, na tena 15 hadi 17, ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu, hayapwi sana, usijisumbue. Unguja, siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4. Bamvua kubwa zaidi huja Machi na Aprili, halafu Septemba na Oktoba. Na tuna bahati: siku hizo maji hufika chini kabisa karibu saa nne asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50.

Ingia mwambani muda wa saa moja na nusu kabla maji hayajafika chini kabisa, ukiyafuata yanavyotoka. Yakigeuka, geuka nayo. Bamvua likiwa la mita 3.6, saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30 tu na mtu hujiona salama. Saa ya pili 60, ya tatu 90. Tena mkondo ulio kati yako na ufukwe hujaa mapema, nyuma ya mgongo wako.

Sasa mwendo. Anayetembea haoni kitu, maana kila kiumbe kimeshajificha kabla hajafika. Chagua kidimbwi kimoja chenye mawe, simama ukielekea jua ili kivuli chako kiangukie nyuma, na utulie dakika kumi kamili. Visamaki hutoka kwanza. Kisha makombe uliyodhani ni matupu huanza kutembea, kila moja na kaa wake ndani. Ukiona tundu lenye vijiwe vimerundikwa mlangoni pamoja na magamba mapya ya kaa, kazia macho hapo: ile ngozi ya kahawia inayofunguka na kufumba ni pweza anapumua, na jicho lake linakutazama. Wachokoaji pweza nao husoma dalili hiyohiyo.

Ukiinua jiwe, liwe dogo, na ulirudishe ubavu uleule. Vilivyoshika upande wa chini, mayai yakiwemo, hufa kwa jua ndani ya muda mfupi.

Vaa viatu vya soli ngumu. Usiokote konokono mwenye umbo la koni, hata akiwa mzuri vipi. Sumu yake huua na haina dawa ya kuivunja. Ukikanyaga samaki-jiwe, yule mwenye miiba ya sumu anayefanana na jiwe, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, na safari ya hospitali ianze mapema.

Baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba hufunga sehemu za mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Kabla ya kushuka, uliza wavuvi wa hapo wamefunga wapi.