Walioazimwa farasi wetu zamani hawataki kumwachia: nifanye nini?

SWALI: Wakili, salaam. Tunaishi Northamptonshire, Uingereza. Mwezi wa nne tulimnunulia binti yetu farasi mdogo wa Kiwelsh, ana miaka 14. Mama aliyetuuzia alikuwa ameiazima familia nyingine farasi huyo kwa miaka minne. Walitaka kumnunua, hawakuelewana bei, mwenyewe akamchukua akatuuzia sisi. Mwanzoni waliomba kuja kumwona, tukawakaribisha. Sasa wanakuja bila taarifa. Njia ya miguu ya umma inapita kando ya malisho, wanasimama hapo wakimlisha matufaha na mkate. Mara mbili tumemkuta amesukwa manyoya ya shingoni. Wanaweka picha zake Facebook wakimwita “mtoto wetu”, na wanamtumia binti yangu wa miaka 13 meseji kwamba tandiko linamuumiza farasi. Juzi wameandika kwamba wao ndio waliolipa bili za daktari wa wanyama miaka yote, kwa hiyo wana haki naye, na kwamba watatushtaki kwa RSPCA, shirika la kutetea wanyama. Je, wanaweza kumchukua? Nikiita polisi nitakuwa nimekosea? Sipendi ugomvi na watu.

JIBU: Dada, nianze na hilo linalokunyima usingizi. Hawawezi kumchukua.

Huku Uingereza kuazimana farasi ni jambo la kila siku. Mwenye farasi anabaki kuwa mwenye mali. Aliyeazimwa anamtunza, anampanda, na kwa kawaida analipa chakula, fundi wa kwato, chanjo na daktari. Malipo hayo ni gharama ya kumtumia farasi, hayanunui hata ukwato mmoja. Mtu anaweza kulipa miaka kumi na siku farasi anaporudishwa asiwe na sehemu yoyote ndani yake, isipokuwa kama mkataba wao ulisema vingine.

Kwa hiyo mwombe mama aliyekuuzia nakala ya mkataba wa kuazima. Tafuta humo kifungu kinachowapa walioazimwa nafasi ya kwanza ya kununua. Kikiwepo na yeye hakukifuata, madai yao kwa kawaida ni dhidi yake, aliyewaahidi. Wewe hukuwaahidi kitu. Hata hivyo ni vizuri ujue kilichoandikwa kabla hujafungua mdomo.

Na makaratasi yako yako wapi? Risiti ya mauzo yenye tarehe, bei, jina la muuzaji na namba ya chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi ya farasi ndiyo ngao yako, pamoja na kumbukumbu ya benki ya malipo. Pasipoti ya farasi, yaani kitabu chake cha utambulisho, watu wengi huidhania kuwa hati ya umiliki. Siyo. Lakini sheria inamtaka mnunuzi awaarifu walioitoa ndani ya siku 30 ili jina libadilishwe, na kama bado hujafanya hivyo, fanya leo. Hakikisha pia pasipoti yenyewe iko mikononi mwako. Nimeona kesi ambapo ilibaki kwenye droo ya walioazimwa, na mzozo mdogo ukageuka mkubwa kwa sababu hiyo tu.

Sasa nikuulize jambo ambalo hukuliandika: umewahi kuwaambia wasije? Sisemi kwa kuguna, wala kwa kumwambia binti yako awaambie, wala kwa kuchelewa kujibu meseji zao. Nauliza kama umewaambia kwa maneno yasiyoweza kueleweka vingine. Kwa namna ulivyoeleza, nadhani bado. Sisi tumelelewa kwamba mgeni hafukuzwi, na ukichoka naye unasema “haya, tutaona”, ukitegemea ataelewa mwenyewe. Hawa hawajaelewa. Mlango mliufungua nyinyi mwanzoni, na kwa mawazo yao haujafungwa.

Sheria nayo inaangalia jambo hilohilo. Sheria ya Kujilinda dhidi ya Bughudha ya mwaka 1997 inakataza mwenendo wa kumbughudhi mtu, na mwenendo maana yake ni angalau matukio mawili. Mahakama hutazama kama mhusika alijua, au alipaswa kujua, kwamba anachofanya ni bughudha. Mtu aliyekaribishwa na hajawahi kukatazwa ana jibu jepesi: sikujua. Aliyepokea ujumbe ulio wazi na bado akaja, jibu hilo hana tena. Ndiyo maana ujumbe mmoja wa maandishi utakufaa kuliko ugomvi wa mwezi mzima.

Uandike wewe, mtu mzima kwa mtu mzima, kwa Kiingereza chepesi, uende kwa wazazi. Yaliyomo yawe hivi:

“Tunajua mlimtunza vizuri na kwamba kumkosa kunawauma. Sasa ni wetu, na tumeamua yafuatayo kuanzia leo. Tafadhali msije zizini wala malishoni, msimlishe kitu chochote na msimguse. Msimtumie binti yetu ujumbe. Mkiwa na la kusema, niambieni mimi kwa barua pepe hii. Tunaomba pia mziondoe picha mlizopiga baada ya tarehe tuliyomnunua. Ahsanteni.”

Basi. Usieleze sababu za tandiko, usibishane kuhusu bili, usitaje polisi. Kila sababu utakayotoa ni mlango wa mjadala mpya. Wakijibu kwa hasira, usirudishe neno. Hifadhi jibu lao. Na usiwafungie mawasiliano kabla ujumbe haujafika, maana utahitaji ushahidi kwamba waliupata. Simu ya binti ni habari nyingine: hiyo wafungie usiku huuhuu baada ya kupiga picha za meseji zote, tarehe zionekane. Mtoto wa miaka 13 hapaswi kubebeshwa lawama za watu wazima kuhusu mgongo wa farasi. Lakini mpigie fundi wa matandiko aje akague. Kama wamekosea, binti atatulia. Kama wako sahihi, farasi atapona.

Nakala ya ujumbe mpe mwenye zizi. Kama mnapanga nafasi kwake, yeye ndiye mwenye mamlaka ya kumwambia mtu asikanyage ardhi yake, na neno lake lina uzito ambao lako halina. Kuingia ardhi ya mtu bila ruhusa huku England kwa kawaida si kosa la jinai, ni suala la madai, kwa hiyo polisi watakuuliza kwanza mwenye ardhi amesema nini. Njia ya umma haifungwi. Wana haki ya kupita, na hata kusimama kidogo kuvuta pumzi. Haki hiyo haiwaruhusu kuingia malishoni kumsuka farasi wa watu, wala kupitisha mkate juu ya uzio. Dawa rahisi ni kumwomba mwenye zizi arudishe uzio wa umeme ndani mita mbili au tatu kutoka njiani, auwekee kibao cha onyo na kibao kingine cha kuomba wapita njia wasilishe farasi. Mkono usipofika, nusu ya tatizo imekwisha.

Hili la mkate lisikupite. Farasi wadogo wa asili ya Wales wananenepa kwa urahisi na ni miongoni mwa wanaoshikwa sana na laminitisi, ugonjwa unaodhoofisha tishu zinazoshikilia mfupa wa mguu ndani ya ukwato. Sukari na wanga vikizidi, homoni ya insulini inapanda mwilini, na kwa farasi mwenye udhaifu huo kwato ndizo zinazolipa. Muulize daktari wako akuonyeshe namna ya kupima mapigo ya mguuni: vidole viwili nyuma ya kifundo, juu kidogo ya ukwato, pembeni. Kwa farasi mzima mapigo ni hafifu, unayatafuta. Ukiyakuta yanagonga kwa nguvu, ukwato una joto, naye anasimama ameegemea nyuma kama anayekwepa kukanyaga mbele, usingoje asubuhi, mpigie daktari. Kipande kikubwa cha tufaha au donge la mkate vinaweza pia kumkwama kooni, utaona mate na chakula vikimtoka puani. Kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006, mwenye wajibu wa kumkinga ni wewe. Andika kila siku uliyowakuta wakimlisha: saa, chakula gani, nani aliona.

Tishio la RSPCA lisikutetemeshe. Ni shirika la hisani. Hupokea taarifa za watu na kuzifuatilia, na mkaguzi wake hana mamlaka ya kuingia kwako kwa nguvu kwa sababu tu amepigiwa simu. Akija, mkaribishe. Mwonyeshe farasi, kumbukumbu za fundi wa kwato, meno, chanjo za pepopunda na mafua, na karatasi ya fundi wa matandiko. Kisha mweleze kwa utulivu kwamba kuna mgogoro na familia iliyoazimwa zamani, umwonyeshe ujumbe wao wa kutishia.

Kuhusu polisi: kuwapigia si kosa, ila kuna wakati wake. Mtu akikutishia kukudhuru, akijaribu kumtoa farasi, au akimfuata binti yako shuleni au njiani, piga 999, namba ya dharura, palepale. Wakiendelea kuja baada ya ujumbe wako, piga 101, namba ya polisi kwa yasiyo ya dharura, ukiwa na daftari lako mkononi. Ukipenda njia ya madai, kifungu cha 3 cha sheria ile ya 1997 kinakuruhusu kuomba amri ya mahakama ya kuwazuia, na kuivunja amri hiyo bila sababu ya msingi ni jinai. Lakini tuwe wakweli. Mwaka 2006, katika kesi ya Majrowski, majaji wa House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, walieleza kwamba yapo maudhi ya kawaida ya watu kuishi pamoja, na yapo yaliyovuka hadi kuwa hayavumiliki. Ni haya ya pili tu yanayofikia bughudha ya kisheria. Kusuka manyoya mara mbili peke yake kusingenitosha kwenda mahakamani. Kuendelea kuja baada ya kukatazwa kwa maandishi, pamoja na meseji kwa mtoto na vitisho, hapo tunazungumza mengine.

Mwisho, kuna mtoto upande wa pili pia, au nadhani yupo, kwa sababu watu wazima hawasuki manyoya ya farasi wasiyempanda. Huenda ana umri wa binti yako na amempoteza rafiki wa miaka minne bila kuagwa vizuri. Kama moyo wako unaruhusu, baada ya miezi kadhaa ya utulivu unaweza kumtumia mama yake picha, au kuwaalika mara moja kwa saa moja, wewe ukiwepo. Ni hiari yako, huna deni hilo. Wasimpande wala kumwongoza kwa kamba: chini ya Sheria ya Wanyama ya 1971 mtunzaji wa farasi anaweza kuwajibika kwa majeraha hata kama hakufanya uzembe, kwa hiyo kabla ya mwaliko wowote soma kwanza bima yako inamfunika nani.

Tuma ujumbe wiki hii. Wakikujibu kupitia wakili, usiwasiliane nao tena moja kwa moja. Niletee barua hiyo pamoja na risiti na ule mkataba wa kuazima.