Kisu chembamba cha kukunja: wiki mbili mfukoni hapa Mikindani

Kwa miaka mingi nimetembea na kisu cha kawaida, bapa nimelizungushia kipande cha boksi ili lisinitoboe mfuko. Wiki mbili zilizopita nikanunua cha kukunja: bapa la sentimita 8, unene wake haufiki milimita 2. Kikiwa mfukoni nasahau kama kipo. Wembamba huo ndio ulionivuta dukani, kumbe ilinipasa niuangalie mwisho.

Anza na komeo. Kisu cha kukunja kisicho na komeo, ukikichoma kwenye kitu kigumu, hujifunga, na vidole vyako ndivyo vilivyo njiani. Changu kina ulimi wa chuma ndani ya mpini. Bapa likifunguka, ulimi huo unaruka na kulikaza kwa nyuma. Kabla hujalipa, kifungue, shika bapa kwa mgongoni ulitikise kushoto na kulia, kisha gonga mgongo wake mezani huku vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Cha kwanza nilichopewa kilijikunja nilipogonga mara ya pili. Cha pili kilicheza kwenye bawaba. Nikaondoka na cha tatu, na muuzaji alinuna, lakini mkono ni wangu.

Kwenye pweza aliyechemshwa kinapita bila kumvuta. Embe dodo unalimenya ganda jembamba, nyama haipotei. Na kwenye korosho kimenisaidia kuliko nilivyotarajia: baada ya kuzitenga na mabibo, ile nyama inayobaki pale juu ncha yake inaifikia. Usiiache, maana inaleta ukungu na korosho zako zinashuka daraja. Ila usibangue korosho mbichi kwa kisu hiki. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, na bapa jembamba halikuumbwa kwa kubanjua.

Nilimwonyesha jirani yangu mchonga vinyago. Akapitisha kidole gumba taratibu kwenye makali, akasema, "Mdogo wangu, hiki cha nyama na matunda. Mpingo utakitoa meno." Ni kweli. Makali membamba hupenya upesi kwa sababu hayana chuma kingi nyuma yake, na kwa sababu hiyohiyo hayana cha kuyaegemeza. Chaza, vifuu na makopo, tafuta chombo kingine.

Adui mkubwa huku kwetu ni chumvi. Hata chuma kisichoshika kutu hupata madoadoa pwani, na huanzia bawabani, usipopaona. Kila nikitoka feri nakisuuza kwa maji ya bomba, nakiacha wazi kivulini kikauke, halafu tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, na bapa nalifuta kabla ya kukatia chakula. Wiki ya kwanza nilitumia mafuta ya alizeti ya jikoni. Yalinata, yakakusanya mchanga, kisu kikawa kizito kufunguka.

Kunoa nanoa mwenyewe kwa jiwe lililolowa maji, pande zote mbili sawa, bila kukandamiza. Kijana mmoja mwenye grenda alitaka kuninolea kwa dakika moja, nikakataa. Bapa jembamba hupata moto upesi. Likishageuka rangi ya bluu, chuma kimelainika, na hapo hata ulinoe kutwa halikai na makali.