Pawa saplai ndogo, kadi ya grafiki gani? Maswali yenu na majibu

Maswali ya kadi za grafiki, zile zinazochora picha za skrini, yamerundikana, na karibu yote yanauma pale pale: umeme unaogawiwa na pawa saplai ndani ya kompyuta hautoshi. Nimechagua machache. Kama lako halimo, huenda limejibiwa ndani ya la mwenzako.

Habari fundi. Nina kompyuta ya ofisini ya mtumba, kasha jembamba, prosesa i5-6500, pawa saplai imeandikwa wati 240. Nataka kucheza gemu za kawaida. Niweke kadi gani bila kubadilisha pawa saplai?

Nzuri, ndugu. Tafuta kadi isiyo na tundu la waya wa umeme. Ukifungua kasha lako, yaelekea utakuta pawa saplai haina hata waya mmoja wa pini 6 wa kadi, kwa hiyo hapo hakuna mjadala. Kadi isiyo na tundu huchota umeme wake wote kupitia sloti ya PCIe, ule mfereji wa kuchomekea kadi kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), na sloti hiyo imepangiwa wati 75, basi.

Hesabu yake ni nyepesi. Prosesa yako ni ya wati 65. Madabodi, RAM, diski na feni uzikadirie 40, tena kwa mkono mpana. Ukiongeza kadi ya wati 70 unafika 175. Pawa saplai ya 240 inabeba mzigo huo bila kutweta.

Ndani ya mpaka huo, chaguo langu ni RTX 3050, lakini ile ya GB 6 iliyotoka 2024, inayotumia wati 70. Soma boksi mara mbili, maana iko RTX 3050 nyingine ya GB 8, ya mwaka 2022, inayotaka wati 130 na waya wake pembeni. Jina ni lile lile, tumbo ni tofauti. GTX 1650 ya wati 75 bado inacheza gemu nyingi vizuri. GTX 1050 Ti ya 2016 ni ya mwenye mfuko mwembamba, na uzee wake umeshaanza kuonekana.

Utashawishiwa pia kununua RX 6400, kwa kuwa inatumia wati 53 tu na zipo zilizo fupi na nyembamba kabisa. Ina hila yake. Imeunganishwa kwa njia 4 tu za kupitishia data za PCIe, ikitegemea kasi ya toleo la PCIe 4.0. Kompyuta yako ni ya PCIe 3.0, hivyo njia hizo zinapitisha nusu ya kilichokusudiwa. Gemu ikijaza zile GB 4 za kumbukumbu ya kadi, picha zinaanza kukwamakwama. Kwako wewe nisingeipa nafasi ya kwanza.

Kabla hujalipa, chukua rula. Kasha jembamba linataka kadi ya kimo kifupi pamoja na kibati chake kifupi cha nyuma. Tena katika baadhi ya makasha hayo sloti ndefu imebanana na pawa saplai, kwa hiyo kadi nene inayokalia nafasi mbili haiingii. Niliwahi kuchuchumaa na kadi mpya mkononi, bisibisi sakafuni, nikitazama milimita 3 zilizonikosesha usingizi. Angalia pia kitabu cha maelezo cha modeli yako, kwani watengenezaji wengine wa kompyuta za ofisini huweka kikomo cha chini ya wati 75 kwenye sloti.

Mkuu, pawa saplai yangu ni wati 500 kabisa, imeandikwa kwa herufi kubwa. Nimeweka RX 580 ya mtumba. Nikifungua gemu, dakika mbili kompyuta inazima puu! Kadi ni mbovu?

Usiihukumu kadi bado. Toa pawa saplai, igeuze, soma ile lebo yenye jedwali. Achana na 500. Tafuta safu ya +12V uone ampea zake, kisha zidisha kwa 12. Prosesa na kadi ya grafiki hula kutoka laini hiyo ya volti 12, si kwingine.

Pawa saplai nyingi za bei ya chini utakuta +12V ina ampea 17. Mara 12, ni wati 204. Basi hizo 500 zimetoka wapi? Zimejumlishwa na laini za volti 3.3 na volti 5, ambazo kompyuta ya leo inazigusa kidogo tu, na wakati mwingine ni kilele cha sekunde chache kilichopambwa kikaitwa uwezo. RX 580 peke yake inahitaji wati 185. Weka prosesa ya 65 juu yake, umeshapita 204 na feni hujazihesabu. Pawa saplai inajikinga kwa kuzima. Shukuru kwamba inajikinga, nyingine haziwezi.

Ukikuta laini hiyo imegawanywa 12V1 na 12V2, usijumlishe ampea zake kichwakichwa. Chini yake huwa kumeandikwa wati za juu kabisa kwa laini zote mbili kwa pamoja, na mara nyingi ni pungufu ya jumla utakayoipata wewe.

Kuna jaribio la bure la kumjua mkosaji. Weka programu ya MSI Afterburner, teremsha kikomo cha umeme cha kadi kadiri kinavyokubali kushuka, kisha ucheze gemu ile ile. Ikidumu nusu saa bila kuzima, mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai. Ikiendelea kuzima vile vile, pima joto la prosesa na la kadi kabla ya kununua chochote.

Pawa saplai yangu haina waya wa pini 6 lakini ina plagi za SATA zisizotumika. Naona kuna adapta ndogo inayogeuza SATA kuwa pini 6. Inafaa?

Hapana. Plagi ya umeme ya SATA ina pini 3 za volti 12, na kila pini imepimwa kubeba ampea 1.5. Jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Pini 6 za kadi zimeruhusiwa kuvuta 75. Mzigo huo uliozidi unazalisha joto mahali pabaya kabisa, ndani ya kiplastiki kilichotengenezwa kwa ajili ya diski.

Nilijaribu enzi zangu za ubishi. Kadi ilifanya kazi siku nne, nikajiona mjanja. Siku ya tano nikasikia harufu kama ya soli ya kandambili iliyosogea karibu na jiko. Nilipofungua, plagi ya SATA ilikuwa imegeuka kahawia na kunata, ikabidi niikate na koleo.

Adapta inayochukua plagi mbili za Molex, zile nene za pini 4, ina nafuu kwa sababu pini zake ni kubwa zaidi, alimradi kila plagi itoke kwenye waya wake. Lakini pawa saplai kukosa pini 6 ni ujumbe: aliyeitengeneza hakutegemea ubebeshe kadi kama hiyo.

Nimenunua GTX 1650 kwa kuwa mlisema haihitaji waya. Yangu ina tundu la pini 6. Nimeuziwa feki?

Si lazima iwe feki. Kampuni zinazounda kadi ziliongeza tundu kwenye baadhi ya matoleo ili chipu iendeshwe kasi zaidi. Bila waya kadi hiyo itagoma kufanya kazi, hata kama sloti ina umeme wa kutosha. Kama muuzaji anakubali kubadilisha, irudishe. Unaponunua kadi yoyote, angalia picha ya ukingo wake wa juu na wa mwisho, usitosheke na jina.

GT 1030 mbili, kampuni moja, GB 2 zote, lakini bei zinapishana. Kwa nini?

Soma aina ya kumbukumbu. Ile ya mwanzo, ya 2017, ina GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde. Iliyofuata 2018 ina DDR4 inayopitisha takriban GB 17. Ni theluthi moja, na jina hawakubadilisha. Huo mchezo sijawahi kuusamehe. Chukua ya GDDR5, inayotumia wati 30 tu, au usinunue.

Mimi sichezi gemu, nahariri video. Kadi gani ndogo kwa pawa saplai ya wati 300?

Hapa RX 6400 iache kabisa. Haina sehemu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili, kwa hiyo ukihifadhi video iliyokamilika, mzigo wote unarudi kwa prosesa. Intel Arc A380 ina GB 6 na inasimba yenyewe hadi AV1, umbizo jipya la kubana video. Imepangiwa wati 75, ila matoleo mengi yana tundu la waya, kwa hiyo kagua kwanza. Sharti lake jingine ni madabodi yenye Resizable BAR, mpangilio unaoiwezesha prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja. Ukiizima au ukikosa, Arc inapoteza nguvu nyingi, hasa kwenye gemu. Kompyuta yako ikiwa ya zamani, RTX 3050 ya GB 6 haina masharti hayo, ingawa AV1 inaisoma tu, haiisimbi.

Basi si ninunue pawa saplai kubwa niiweke kwenye kompyuta ya ofisini?

Inawezekana, lakini angalia waya unaoingia kwenye madabodi kwanza. Pawa saplai ya kawaida ya ATX ina plagi ya pini 24. Kompyuta nyingi za ofisini za Dell, HP na Lenovo zina plagi za kwao zenye pini chache, na kasha limekatwa kwa umbo la pawa saplai yake. Adapta za pini 24 zipo na nyingi zinafanya kazi, mradi iwe ya modeli yako hasa. Lakini ukishanunua pawa saplai, adapta, na pengine kasha jingine, umeshakaribia bei ya kujenga kompyuta upya.

Nimeweka kadi, feni inazunguka, skrini nyeusi. Umeme haufiki?

Waya wa skrini umeuchomeka wapi? Utoe kwenye madabodi, uchomeke kwenye kadi. Nusu ya mnaoniuliza hili mnaishia hapo.